Nguzo Nyuma ya Kibanda cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano darasani kuhusu kujenga upya laini ya umeme. Ile ya zamani huanguka kila mvua ikinyesha. Mke wangu ameshapoteza mayai ya mashine ya kutotolea vifaranga mara tatu. Mhandisi, mama mmoja mwenye buti za matope, akatandika ramani. Nikatafuta nguzo moja tu. Ipo: nyuma ya kibanda changu cha kunyolea, pale pale ninapopanga kujenga kibaraza cha wateja. Shemeji, mwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara, hakuwekewa hata kijiti. Alikuwa anacheka. Mhandisi akasema kila kaya ijaze fomu moja ya maoni. Nimechukua kumi na nane.

Jumanne, 4 Machi
Sikunyoa mtu. Nimejaza fomu zote, nyingine kwa mkono wa kushoto, mbili kwa mwandiko wa kizee. Zote zinaomba nguzo ihamie kwa shemeji. Sababu: nyuma ya kinyozi anataga ndege adimu. Mke wangu akauliza ndege gani. Nikamwambia ana madoadoa, anatembea zaidi ya kuruka. Akasema huyo ni kuku wake. Hana jicho la kisayansi.

Jumatano, 5 Machi
Mhandisi amekuja kumwona ndege. Nusu saa nyuma ya kibanda, na darubini. Kuku akapita, akamdonoa buti. Mhandisi akaandika kitu, kirefu kidogo. Kisha akaniuliza kwa upole mbona watu kumi na nane wa hapa wote wanaandika "ngunzo". Nikasema ni lafudhi yetu. Na huyu mmoja, ambaye karani wa kijiji anasema alizikwa miaka minne iliyopita? Nikasema marehemu alipenda sana ndege.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano wa pili. Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu. Kabla sijakohoa, mke wangu akasimama, yeye ambaye hajawahi kusema mkutanoni. Akaeleza anavyoamka na kukuta mayai ya baridi, vifaranga wameshaanza kugonga ganda.
"Upitisheni umeme popote," akasema, "ila upite."
Nikajikuta natazama viatu vyangu. Shemeji akanyanyuka: nguzo iwekwe kwake, dada yake asihangaike tena. Makofi. Kwa hiyo nimeshinda. Chakula cha jioni nimekiacha nusu, sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Machi
Mafundi wamefika. Kambi yao iko uani kwa shemeji, kando ya shimo la nguzo. Vichwa arobaini, nywele za mwezi mzima. Nikakimbilia mkasi. Kumbe wana kinyozi wao, na shemeji amempa kivuli na kiti. Foleni inafika barabarani. Ndani yake nimemwona mteja wangu wa kila Jumamosi. Alijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Ijumaa, 25 Aprili
Mvua kubwa tangu alfajiri, taa hazikuzima. Vifaranga sitini na wawili. Mke wangu aliwahesabu mara mbili, kisha akanituma kwa kaka yake kumshukuru. Nimemshukuru, kwa ufupi. Wakati wa kurudi nimewakuta watu wa maji wanabandika tangazo: wanataka maoni, bomba lipite wapi. Wanatafuta mwenyeji mwaminifu wa kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Nimejitolea papo hapo. Wazee wengi hawaoni vizuri. Nitawaandikia mimi.