Fomu Moja kwa Wote

Jumapili, 3 Agosti

Mke wangu amekufa. Ijumaa saa nne asubuhi, amekaa kwenye kiti, anamenya viazi. Moyo. Tumezika jana.

Viazi nimemalizia kumenya mimi.

Daftari hili lilikuwa lake. Mbele kaandika sabuni, magodoro, dawa za watoto. Nyuma tupu. Naandika mimi sasa, maana nyumba imejaa wanawake na hakuna anayenisikiliza.

Nyumba yenyewe ni hivi. Mbele vyumba viwili, vyetu. Nyuma ya ukuta vyumba vinne vya wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, na mambo mengine mabaya kuliko vipigo. Marehemu aliianzisha miaka kumi na moja iliyopita. Majirani wanadhani tunapangisha tu. Ukuta nimejenga mimi, matofali nimefyatua mimi, na mwanamume haruhusiwi kupita geti la ndani. Hata mimi. Nagonga, nasubiri, kama muuza maziwa.

Nyapara wangu kanipa wiki. Kasema nirudi Jumatatu ya tarehe kumi na moja, nikichelewa nafasi anampa mwingine. Nikamshukuru. Ndiyo pole aliyonayo.

Mazishini Mama Miwani kalia kunishinda. Huyu ana nyumba kama yetu upande wa pili wa mji, na ofisi yenye kiyoyozi. Kazimia mara mbili. Mara ya pili alichagua kwanza pa kuangukia. Nilimwona.

Jumatatu, 4 Agosti

Shemeji, mdogo wake marehemu, kahamia kwetu. Begi moja, amri mia.

Kaikuta barua ya serikali. Zamani ruzuku ya nyumba hizi iliombwa ofisi tatu: afya, polisi, ustawi wa jamii. Kila ofisi na fomu yake. Marehemu alizijaza zote kila mwaka, akizitukana. Sasa wameziunganisha. Fomu moja, vikundi vyote. Kurasa ishirini na nne. Mwisho Ijumaa hii, saa tisa alasiri. Isipofika, ruzuku inakatika na nyumba inafungwa mwisho wa mwezi.

Ndani kuna wanawake sita na watoto tisa. Mmoja tunamwita Mshonaji. Anashona sare za shule, ana wawili. Mumewe dereva wa lori, kila soko analosimama anamuulizia. Kaniuliza kupitia tundu la geti kama ni kweli tunafungwa. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, fomu nimeshaimaliza kichwani.

Shemeji alitaka kuijaza yeye. Nikamwambia mume wa marehemu ni mimi. Akasema haya, Shemeji, lakini Alhamisi jioni anaitaka mezani, na isiwe na alama za mchuzi.

Jumanne, 5 Agosti

Ofisi ya serikali. Vikundi kumi na tano ukumbini. Afisa wa ruzuku ni dada mwembamba, sauti imechoka. Katueleza kwamba zamani kila mtu aliandika anavyotaka. Mmoja kaleta shairi, mwingine kaleta picha za sherehe. Hakuna aliyeweza kulinganisha. Sasa maswali yaleyale, mpangilio uleule, kipimo kimoja. Kasema kabisa: zilingane.

Hapo nikaelewa. Ukumbi mzima nadhani nilielewa peke yangu.

Ni kalibu. Lile sanduku la kufyatulia matofali. Miaka ishirini nimelishika. Kalibu moja, matofali elfu, yote sawasawa. Likitoka moja limejikunja, fundi analitupa. Serikali imeleta kalibu. Kwa hiyo majibu yanatakiwa yafanane, na atakayejibu kivyake ndiye atakayetupwa.

Wenzangu wanauliza maswali ya ajabu. Mambo ya peni nyeusi au bluu. Mama Miwani kanyoosha mkono mara tatu. Mara ya tatu kasema yake ameshamaliza, imebaki kupeleka kesho jioni.

Basi tofali la kwanza ndilo hilo. Sisi wengine tulingane nalo.

Sikumwambia mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Miwani na mwiko na nusu mfuko wa saruji. Nikamwambia ngazi ya ofisi yake imevunjika, nimekuja kuitengeneza bure, shukrani kwa machozi yake. Akaitazama akashangaa, eti jana ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya leo.

Kaguswa. Kaniita kaka. Kanimiminia chai.

Fomu iko juu ya meza yake. Nikamtoa nje kwa heshima, nikamwaga zege mlangoni, nikabaki ndani mimi. Nikamwambia zege bichi halikanyagwi, na mimi huku nakagua nyufa. Akakaa nje chini ya mwavuli.

Nikatoa fomu yangu. Mimi kusoma nasoma polepole. Lakini kunakili ni kama kupanga matofali: unaweka hili, unaweka linalofuata, huna haja ya kujua nyumba ni ya nani. Jina la nyumba nikaweka letu; mengine yote, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, sikuacha hata nukta.

Ilinichukua saa tatu nzima. Mara nyingi kaniuliza kupitia dirishani kama nyufa ni nyingi. Nikamjibu ofisi yake iko pabaya. Akaniombea.

Nikatokea dirishani. Suruali imechanika goti.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi mapema nikapeleka fomu. Ikapigwa mhuri. Shemeji sikumwonyesha, angeanza.

Kurudi nyumbani nikawaza. Kilichoandikwa lazima kionekane, wakaguzi wasije wakatukuta uongo. Nikakumbuka ukurasa wa vifaa, ule niliuelewa. Gari moja. Bango la shirika moja.

Gari nina toroli. Nimelipaka rangi, nimeandika ubavuni SHIRIKA. Lina tairi.

Bango nikachukua ubao. Nikaandika kwa herufi nzuri, sijawahi kuandika nzuri vile: NYUMBA YA SIRI YA AKINA MAMA. Na mshale. Nikapigilia getini, upande wa barabara.

Lilikaa kama dakika ishirini.

Mshonaji alitoka kupokea kitambaa cha mteja. Akalisoma. Akarudi ndani, akatoka na begi na watoto wake wawili, yule mdogo kavaa viatu kushoto kulia. Wakasimama uani, huku mbele. Hana pa kwenda, lakini kasimama tayari kwenda.

Shemeji akaja kuona kuna nini. Aling'oa ubao kwa mikono, na misumari yake. Akaniuliza kama yule dereva wa lori nimchoree na ramani, au nimwandikie kabisa saa tunazokula ili atukute mezani. Nikamwambia bango limo kwenye fomu. Akauliza fomu ipi. Nikasema ile niliyopeleka. Akauliza nimepeleka lini, nimeandika nini, nani kanisaidia. Nilijibu swali moja kati ya hayo.

Ubao nimeupasua kuni. Wapita njia walikuwa wawili, na mmoja ni mzee kipofu wa mtaani. Lakini Mshonaji begi hakulitua mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimekaa kwenye toroli muda wote. Hakuniangalia hata mara moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa mbili asubuhi afisa kapiga simu. Anatutaka ofisini, mimi na Shemeji. Tumefika, Mama Miwani yuko pale. Mezani fomu mbili.

Afisa akaanza kunisomea yangu. Kumbe mimi ni mwanamke. Nina stashahada ya ustawi wa jamii. Mwaka jana nimehudumia wanawake mia mbili na kumi na wawili. Akauliza kwa vyumba vyetu vinne niliwalaza wapi. Nikamwambia nimefuata kalibu.

Shemeji akatazama dari.

Kisha ukurasa wa ishirini na mbili, pale wanapouliza kama una lingine la kuieleza ofisi. Akasoma ya Mama Miwani kwanza. Kaandika hivi: upande wa pili wa mji kuna nyumba kama yetu, mama aliyeianzisha amefariki juzi. Kama fedha hazitoshi, tunaomba wao wapewe kwanza. Sisi tutasubiri.

Akasoma yangu. Neno kwa neno. Mwandiko wangu, mhuri wa serikali. Kwa fomu yangu aliyefariki ni Mama Miwani, naye kakaa palepale na pochi mapajani. Na naomba yeye apewe kwanza.

Mama Miwani akavua miwani akacheka. Kacheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. Yalikuwa yaleyale ya mazishini. Kasema marehemu ndiye aliyemfundisha kujaza fomu ya kwanza. Sikujua pa kutazama, nikatazama mhuri.

Afisa akaipasua yangu. Kasema kwa kawaida fomu mbili zikifanana hivi zote zinawekwa pembeni, nimshukuru mama huyu kwamba hajalalamika. Kasema maswali yamefanana ili ionekane majibu yanatofautiana wapi. Nikamwambia hilo angelisema Jumanne. Kasema alilisema. Mara mbili. Kanipa fomu mpya. Kweli Shemeji ndiye aliyeipokea, mkono wangu ulibaki hewani.

Tuna mpaka saa tisa.

Nyumbani wanawake wote sita wakaja chumba cha mbele. Shemeji anasoma swali, wao wanajibu, yeye anaandika. Majina hayaandikwi. Kituo cha polisi kiko mbali kiasi gani. Nani alikusindikiza hospitali. Uliambiwa nini ulipofika. Walijua kila kitu. Mimi niliambiwa nichonge penseli.

Swali moja liliuliza kama manusura alijisikia salama, aeleze. Mshonaji akasema andika nililala. Shemeji akamwambia wameacha mistari mitano. Akafikiri. Akasema basi andika nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu niolewe.

Shemeji akaandika hivyohivyo.

Swali la jina la kiongozi, nikasema jina la marehemu. Shemeji akaliandika. Akalitazama. Akalikata kwa mstari mmoja, taratibu, akaandika lake. Nikatoka kwenda kuangalia tairi la toroli. Lilikuwa na upepo wa kutosha.

Saa nane na nusu, kurasa zote. Mama Miwani akaja na gari lake, lile gari moja la kwenye fomu, akatupeleka. Anaendesha kama kaiba. Tumeingia saa tisa kasoro dakika nane. Afisa akahesabu kurasa, akapitia mistari, akagonga mhuri, akatutolea nakala. Kasema imekamilika. Nyumba haifungwi. Ruzuku ya zamani inaendelea mpaka wakaguzi watakapokuja.

Shemeji alishika meza. Nilidhani anazimia kama Mama Miwani, nikamwekea kiti. Akasema yuko sawa, ila nisimsogelee na peni.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Miwani kapiga simu. Ngazi imepasuka katikati. Anauliza kama niliweka saruji kweli au mchanga mtupu. Kasema hana haraka, nije nikipata nafasi, chai ipo.

Nimekaa nikawaza. Mtu ana kiyoyozi, ana gari, aandike fedha tupewe sisi kwanza? Bila sababu? Ule ulikuwa mtego. Alijua nitanakili. Mwanamke mjanja sana yule. Nimemheshimu.

Shemeji nimemwambia. Kaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejenga ngazi upya. Saruji ya kweli safari hii, nilijisikia vibaya kuimwaga yote.

Nimerudi, Mshonaji kagonga geti la ndani. Kanipitishia suruali yangu ya kazi, goti limeshonwa. Sikumpa mimi, sijui aliianua lini kwenye kamba. Akaangalia ukuta juu, akauliza kama unaweza kuongezwa matofali mawili. Nikamwambia matatu.

Sasa jambo kubwa. Nilimsikia afisa kwa masikio yangu: mwaka ujao fomu ni hiihii, haibadiliki. Kwa hiyo jana, Shemeji akiwa sokoni, niliipeleka nakala yetu dukani nikatoa fotokopi. Ile ya mhuri nimerudisha mahali pake. Kwenye fotokopi nimefuta mwaka, nimeandika unaofuata. Imekwisha. Wanawake sita, watoto tisa, vyumba vinne, yote yamo, na ile ya kulala mpaka asubuhi. Mwaka mzima kabla. Hakuna kikundi kingine kimewahi.

Nimemtolea na Mama Miwani yake moja, asihangaike. Nitampelekea ngazi ikikauka.

Shemeji kaona karatasi. Kaniuliza nimejuaje Agosti ijayo nani atakuwa humo ndani. Nikamwambia fomu ni ileile. Akaidai. Nimeificha chini ya godoro, upande wa marehemu. Upande ule hapalali mtu.

Kesho narudi kazini.