Diski ya Wakfu

Gazeti lilikuwa limefungiwa kashata, na Sheikhan muuza kahawa ndiye aliyeiona habari. Akalikunjua, akalisoma kwa sauti ya karani wa mahakama: kuna virusi vya kompyuta vinavyolala mwaka mzima, kisha siku moja vinaamka na kufuta kila kitu. Siku yenyewe ni Ijumaa hii.

"Ijumaa hii ni leo," alisema Sheikhan, akaendelea kumimina kahawa.

Kijiwe kizima pale Magogoni kikamgeukia Mohdhar. Yeye ndiye aliyefungua duka la kupiga chapa kwa kompyuta, tena mtaani hakuna aliyemtangulia, na tangu hapo hakuna anayemwita Mohdhar. Anaitwa Diski.

"Msinitazame mimi," alisema Diski. "Mimi nina dawa."

"Umenunua wapi?" aliuliza Odhiambo, mtu wa kiwanda cha simenti Bamburi, ambaye kijiweni huitwa Saruji.

"Ni ya bure. Aliyeitengeneza ametoa ruhusa kila mtu anakili, ampe mwenzake. Nami diski yangu nimeitia wakfu. Imezunguka maduka yote ya chapa, Kisauni mpaka Nyali."

"Mtu atengeneze dawa, asiiuze?" Sheikhan alishangaa. "Huyo ni walii, au hayuko sawa."

"Ama ndiye aliyeleta ugonjwa," alisema Saruji.

Mzee Mwinyihaji akakohoa. Wanamwita Shaha, bingwa wa malenga, kwa sababu ya tungo za marehemu mamake, ambazo yeye peke yake ndiye azijuaye kwa moyo. Miezi minane sasa alikuwa akimsomea Diski dukani, naye Diski akizitia ndani ya kompyuta, akingoja kupata utepe wa printa ili azichape. Diski hakulipwa wala hakuomba malipo. Alichokuwa akikitaka ni Salme, binti wa mzee, na jibu alilopewa lilikuwa moja: kitabu kikiisha, tutazungumza.

"Tungo za mama ziko salama?" aliuliza Shaha.

"Salama, mzee wangu. Kila siku naitia mashine ile diski."

"Ile iliyozunguka?"

"Iyo iyo. Imejaa baraka, wallahi. Kila aliyenufaika nayo ameniandikia dua mumo humo ndani."

"Wameandikaje na ni dawa?" aliuliza Saruji.

"Ina kibandiko pembeni, kikiwapo hakiingii kitu. Nilikibandua, dua zipate kuingia."

Saruji akaweka kikombe chini taratibu. "Na kama kuna kitu kingine kilichotaka kuingia?"

Diski akaitazama kahawa yake. "Basi nacho kimeingia."

"Leo umeiwasha hiyo mashine?"

"Nimeiacha ikinywa dawa."

Akainuka, akaenda zake. Aliporudi alikaa palepale alipokuwa, asimtazame mtu.

"Vipi?" aliuliza Sheikhan.

"Kiza kitupu. Hakukusalia hata ubeti mmoja."

Aliona aibu. Kompyuta haikumuuma. Kilichomuuma ni sauti ya marehemu mamake Shaha, iliyokabidhiwa mikononi mwake akaigawa kwa majirani kama sadaka, na Salme ambaye sasa alimwona akienda mbali, miezi minane na zaidi.

Shaha akaimaliza kahawa yake.

"Zingalimo kichwani mwangu," alisema. "N'tasoma tena."

"Nami nitaandika, mzee. Kwa mkono."

"Kwa mkono. Tena si dukani kwako, ni nyumbani kwangu." Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Lakini haifai. Kijana ashinde kwangu kila siku miezi minane, na mna binti ndani? Watu watasema nini? Basi Jumapili njoo na wazee wako, hilo tulimalize kwanza."

Diski akainuka. Akamshika mzee mkono, akaubusu, akaondoka karibu amwage birika la Sheikhan. Saruji akamfuata nyuma mpaka kwenye kona.

"Diski, ile diski unayo bado?"

"Naenda kuichoma moto."

"Usichome, bwana. Niazime mimi kwanza. Babake Pascalia kule Changamwe ana kompyuta, na mwaka wa pili huu hajanijibu posa."