Nyumba ya Mjusi wa Mardhiya

Jumamosi, 17 Januari

Mardhiya bado yuko Bububu kwa dada yake. Kaondoka na begi lake, mbuzi ya kukunia nazi na redio. Mimi kaniacha. Siku ya kuondoka alisema kachoka. Nikamuuliza kachoka na nini. Akabeba begi, akashuka ngazi.

Leo mchana kapiga simu. Nikakaa vizuri, nikakohoa kidogo ili sauti iwe na huzuni. Hakuuliza kama nnakula. Hakuuliza kama nnalala. Kauliza: "Yule mjusi wangu mzima?"

Mjusi! Yule wa kijani, anayetokea kwenye mgomba wa uani na kuingia dirisha la jikoni. Mardhiya alikuwa akimwekea kipande cha embe bivu, na yeye akija kukilamba mchana kweupe, bila haya. Mimi embe zangu nakata mwenyewe.

Nikajikuta nasema: mzima kabisa, tena nimemjengea nyumba.

Halafu akacheka kidogo. Cheko lile sijalisikia tangu mwaka jana. Akasema Jumapili ya wiki ijayo atakuja kumtazama.

Sina nyumba ya mjusi. Wala mjusi mwenyewe si wangu, anakuja kwa hiari yake. Lakini mpango ndio huo! Atakuja kumtazama mjusi, atanikuta na mimi nipo.

Jumapili, 18 Januari

Nimemkamata. Heri nisingemkamata hivyo.

Nilimwekea embe, nikajificha nyuma ya friji. Akaja. Nikamfunika na kofia yangu nzuri, ile ya kusalia Idi. Akachomoka upande. Nikashika nilichowahi kushika, na nilichoshika ni mkia. Mkia ukabaki mkononi! Ukaanguka chini, ukawa unacheza peke yake. Nikaruka juu ya kiti. Mwanamme mzima, mstaafu wa bandarini, juu ya kiti kwa sababu ya mkia.

Mara ya pili nikamvizia uani, nikatumia bakuli. Nikamtia kwenye lile tangi la kioo ambalo binti yetu Khairat alifugia samaki kabla hajaolewa. Nikamwomba radhi kuhusu mkia. Hakujibu.

Wakati nalipandisha tangi, Haitham akanikuta ngazini. Haitham ni jirani wa chini. Anafuga chiriku, basi mtaa mzima unamwona ndiye mwanachuoni wa wanyama. Mardhiya alikuwa akisimama mlangoni pake kusikiliza ndege wakiimba. Anasimama muda mrefu sana.

Akauliza kuna nini tangini. Nikamwambia. Akasema kioo na joto hili, utampika. Nikamwambia sikumuuliza. Chiriku wake wakaanza kuimba, kama waliokubaliana.

Jumatatu, 19 Januari

Siku mbaya.

Nilidhani mjusi anapenda jua. Wote wanaota jua, nimewaona kwa macho yangu. Nikaliweka tangi juu ya paa, kwenye sakafu ya wazi, katikati ya jua, nikamfunikia na ubao asitoroke. Nikashuka kunywa chai.

Niliporudi hakuwa wa kijani tena. Kawa mweusi kama mkaa, mdomo wazi, kalala ubavu kwenye kona. Kioo chenyewe hakishikiki kwa moto.

Nilishuka ngazi mbio na tangi kifuani, nikapiga mlango wa Haitham kwa mguu. Sikutaka. Miguu ilikwenda yenyewe. Hakuniambia "nilikwambia." Bora angeniambia. Alimtoa kwa jani la mgomba, bila kumgusa, akamweka kivulini, akachovya vidole kwenye maji na kudondosha tone moja moja juu ya jani. Tukakaa tunamtazama. Mimi nikawa nafikiria nitamwambia nini Mardhiya. Nikaona nitakuwa nimemkosea na hilo tena. Macho yakaniwasha. Jasho.

Baada ya muda mrefu ulimi ukatoka. Akalamba tone. Haitham akasema alhamdulillahi.

Kisha akaanza kunifunza. Huyu si mnyama wa ardhini, anaishi kwa kupanda, basi nyumba yake iende juu, isiende upana. Iwe ya waya, hewa ipite. Jua la asubuhi, na kivuli karibu ili achague mwenyewe. Majani mabichi, maana maji hanywi bakulini, analamba matone. Vipande vya mianzi vyenye uwazi, ajifiche asionekane. "Kiumbe yeyote," alisema, "asipokuwa na pahali pa kujisitiri, hatulii."

Nikamwambia hayo yote nilikuwa nayajua.

Jumatano, 21 Januari

Nimekwenda Amani kwa fundi Usi, seremala. Nikamwambia nataka kabati refu lisilo na kuta. Akauliza la nguo? Nikasema la mjusi. Akaweka randa chini, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu wa kunitazama. Nikamjibu kweli: kwa sasa hakuna.

Lakini kazi kafanya! Fremu ya mbao, waya wa mbu pande zote. Chini nimetandika udongo na makumbi ya nazi. Nimepanda ua la kutambaa kwenye kopo, nimesimamisha mianzi, nimetia tawi la mkomamanga. Nimeliweka kwenye dirisha la mashariki. Ilibidi kiti cha Mardhiya kiondoke pale. Nimekipeleka ukumbini, juu ya magazeti.

Mjusi kaingia kwenye mwanzi, kapotea. Alasiri kichwa kikachungulia. Kijani! Kijani kile kile cha zamani, na doa jekundu mgongoni. Nikamnyunyizia maji kwa vidole, akalamba, akanitazama kwa jicho moja.

Nimekula mkate mkavu. Sijali. Kuna mtu nyumbani.

Jumapili, 25 Januari

Kaja! Na Bi Tabia, dada yake, kaja pia, bila kualikwa.

Nikamwamkia Bi Tabia shikamoo. Akaitikia marahaba akiwa anatazama utando wa buibui darini. Akasema wenzio mijusi wanaiua, wewe unaijengea jumba. Nikamweleza kuwa wanayoiua ni ile ya ukutani ya usiku, huyu ni wa kijani, wa mchana, ana tabia zake njema. Akauliza mbona hana mkia. Nikasema unaota. Na kweli unaota, kijipande kimeshatokeza.

Mardhiya alikwenda dirishani. Alisimama mbele ya nyumba ile muda mrefu kuliko anavyosimama kwa chiriku. Nilikuwa natazama. Akagusa waya. Mjusi akateremka mpaka usawa wa uso wake. Akatabasamu, nikaona ule mwanya wake wa meno.

Kisha akasema polepole: "Kapata kivuli. Kapata maji. Kapata pahali pa kujificha."

Nikasema naam, vyote mimi.

Akanigeukia. "Na mimi je, Baba Khairat?"

Nikawa sijaelewa. Akanieleza, na Bi Tabia akakohoa kila penye kituo. Kumbe ni choo. Mlango wa choo ulioza tukaung'oa, na tangu hapo kuna pazia. Mardhiya anaoga nyuma ya pazia, ukumbini wamekaa wageni wangu wa karata, upepo ukija anashika pazia kwa mkono mmoja na kata ya maji kwa mkono wa pili. Akasema aliniambia kabla ya Ramadhani. Aliniambia baada ya Ramadhani. Mimi nikamjibu, anasema, pazia ni zuri linapitisha hewa. Sikumbuki, lakini ni maneno ninayoweza kuyasema.

"Nitie mlango," akasema. "Mlango wa kufunga kwa ndani. Nitakuja Ijumaa. Nikiukuta, narudi."

Nikaapa. Alilia kidogo, mimi pia. Wakati wa kushuka akasimama kwa Haitham kusikiliza ndege. Lakini safari hii hakusimama sana!

Jumanne, 27 Januari

Mbao nshanunua. Mninga safi, fundi Usi kanichagulia mwenyewe. Bawaba za shaba, na komeo zito. Zote ziko ukumbini, zinanukia. Usi atakuja keshokutwa kuufunga mlango. Maisha yamenyooka.

Nimekaa mbele ya mjusi kumpa habari. Nikawa nafikiri.

Mardhiya aliponitazama mimi, alilia. Alipomtazama mjusi, alitabasamu. Hili ni jambo la kuzingatia. Mlango wa choo, ukiutia, mtu anaingia, anafunga, basi. Nani amewahi kumpenda mumewe upya kwa mlango wa choo? Haitham naye asubuhi, nilipomuuliza kwa mbali, kasema mjusi wa namna hii nyumba haimzidii ukubwa, anavyopata nafasi ndivyo anavyotulia.

Nimezitazama zile mbao tena.

Mninga safi kabisa.

Alhamisi, 29 Januari

Fundi Usi kaja na msumeno. Nikamwonesha mchoro. Akauangalia, akaangalia choo, akaangalia mimi. Akaniuliza hizi si mbao za mlango? Nikamwambia mbao ni mbao. Akakaa kwenye ngazi akavuta sigara nzima. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia mke wangu namjua mimi.

Nyumba mpya ya mjusi imekamilika! Inanifika mabegani. Ina ghorofa ya mianzi, ina mgomba mchanga ndani yake, ina kopo lililotobolewa linalodondosha maji juu ya majani kama mvua ya vuli. Na mbele ina mlango. Mlango wa kweli, wa mninga, wenye bawaba za shaba na komeo! Nimeukatia nakshi ya maua pembeni kwa mkono wangu, na kidole kimoja nimekikata pia.

Chooni nimetundika kanga mpya badala ya lile pazia. Nyekundu, ina michoro mizuri. Asije mtu akasema sikumjali.

Mjusi kahamia. Kazunguka kila pahali, kisha kalala juu ya jani, kanyoosha vidole. Ametulia kama mwenye hati ya nyumba.

Ijumaa, 30 Januari

Kaja baada ya sala. Peke yake. Na begi! Nililiona begi nikajua mpango umefanikiwa. Nilikuwa nimevaa kanzu, nimejitia udi.

Hakupita kwenye nyumba ya mjusi. Alikwenda moja kwa moja chooni. Nikamsikia kasimama. Upepo ulikuja, kanga ikapeperuka, nikamwona mgongo.

Kisha akaja dirishani. Nikampisha. Nikamwambia tazama mlango. Akautazama. Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga, akasukuma komeo mpaka mwisho.

"Linafunga vizuri," akasema.

Nikamwambia sana, tena la shaba. Mjusi akateremka kumwangalia, mkia wake mpya umefika urefu wa ukucha. Mardhiya akaweka kidole juu ya waya, akamwambia kitu sikukisikia. Hakutabasamu.

Akaingia jikoni. Akatoka na masufuria yake, kinu, na ile picha ya Khairat ya harusi. Akavitia begini. Kumbe begi lilikuwa na nafasi. Nikamuuliza anakwenda wapi na ndio kwanza kafika. Akasema, "Mtunze, Baba Khairat." Akashuka. Kwa Haitham hakusimama hata kidogo.

Sijala. Nimekaa hapa nimeyapima yote tangu mwanzo, kwa utulivu, bila hasira. Nyumba haina kasoro. Majani yapo, maji yapo, kivuli kipo. Nikaenda nikaufungua ule mlango kama alivyoufungua yeye, nikaufunga. Nikaufungua tena, nimetega sikio.

Nimepata! Ni bawaba. Ya chini inalia, kama paka aliyekanyagwa. Na Mardhiya hapendi makelele, tangu tuoane.

Kesho nnapaka grisi, halafu nnampigia simu.