Kicheko cha Shangazi, Safu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa ukumbi kaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti. Kasema Jumamosi mbili mfululizo nimetoa vichekesho, watu wakakaa kimya kama wako kwenye mtihani. Nikishindwa tena Jumamosi hii, nafasi yangu anapewa Kinyozi. Kinyozi! Mtu aliyejifunza utani akinyoa vipara!

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Shangazi. Kicheko chake huanza taratibu, kikapanda, kikaishia kwa kumpiga jirani mapajani. Hakuna anayekaa karibu naye akabaki amenuna. Namweka safu ya tatu. Kakubali, mradi nimpeleke na kumrudisha.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nimemfanyia mazoezi jikoni mara tisa, vichekesho vyote vimemwishia utamu. Alikuwa anamenya vitunguu. Machozi yalimtoka, kicheko hapana. Kasema kwa upole, "Mwanangu, hicho cha daktari wa meno kinanihuzunisha."

Basi tumepanga ishara. Nikijifuta uso kwa leso, acheke. Maneno asiyasikilize kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Jasho sikulipigia hesabu.

Jana nilipanda jukwaani natiririka kama bomba bovu. Nikajifuta kabla hata ya salamu. Shangazi akaangua kicheko. Nikaomba radhi, nikajifuta. Akazidi. Kisha nikawaambia watu kwamba fundi wetu wa taa kalazwa, tumwombee nafuu. Jasho likaniingia machoni. Leso! Jirani wa Shangazi akapigwa mapaja yote mawili. Ukumbi mzima ukanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemlaza fundi.

Akapanda Kinyozi. Akamwinamia Shangazi, akasema, "Mama, pumzika sasa. Mwenye leso keshashuka."

Watu hoi. Shangazi naye hoi. Bila leso!

Nafasi kapewa Kinyozi. Shangazi kapewa kiti cha kudumu, safu ya tatu. Mimi nimebaki na kazi ya kumpeleka na kumrudisha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari sana. Mkosaji ni leso. Shangazi kaniombea kwa meneja, nimepata dakika tano Jumamosi. Za mwisho, kasema meneja. Leso nimeifungia kabatini. Ishara mpya: nikikohoa, acheke. Hapo hakuna cha kuharibika.

Koo linaniwasha tangu asubuhi. Wasiwasi tu huo, utapita.