Stebilaiza ya Mikono Yangu

Jumatano, 3 Julai 2024

Mikono yangu imezungumzwa tena. Safari hii ni kwenye mashine ya kusaga. Mtu alisema kwenye harusi ya Pasaka nilipiga picha ya keki moja ikatoka na mabibi harusi wawili. Watu wamecheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Ambwene wa Ikolo anamwozesha mwanawe Ezekiel Jumamosi ya wiki ijayo. Anao wana wengine wanne hawajaoa, na ni mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Ametualika wapiga picha wawili, mimi na Yasini. Picha itakayompendeza ndiyo itatundikwa sebuleni kwake, na aliyeipiga ndiye atapiga harusi zote za ukoo. Siku hizi kila mtu ana simu, na studio yangu inaishi kwa picha za pasipoti. Nikikosa hii, nafunga. Nitarudi kulima kwa kaka yangu kule Ndandalo, na kaka ataongea.

Nimeamua. Nanunua kamera kubwa ya DSLR, yangu ya kwanza, na lenzi yenye stebilaiza. Nimesoma kwenye simu kwamba stebilaiza inatuliza mkono unaotetemeka. Mke wangu Atupele ameuliza kama ni kama ile ya friji. Nimemwambia ni ya juu zaidi.

Ijumaa, 5 Julai

Kasumulu. Shabani anauza vitu vya mtumba karibu na mpaka, na alikuwa na kamera mbili. Moja mpya kabisa, inang'aa, lenzi fupi isiyo na stebilaiza. Nyingine imechubuka, lenzi ndefu kama mchi, ina stebilaiza. Nilizishika zote saa nzima. Shabani akanywa chai, akaagiza nyingine.

Akanieleza kwamba stebilaiza inatuliza mkono wa mpigaji tu. Mtu akikimbia, bado atatoka ukungu. Nikamwambia hilo ni kwa wasiojua kutumia. Akaendelea kunionyesha vidude vya ubavuni mwa lenzi, hiki cha hivi, hiki cha vile. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa natazama barabarani, nisije nikaonwa na Yasini.

Nimechukua ndefu.

Atupele ameuliza mpunga uliokuwa kwenye kona umekwenda wapi. Nimemwambia umekwenda kwenye maendeleo. Amepika ndizi.

Jumatatu, 8 Julai

Majaribio nyumbani. Kuku wametoka ukungu mtupu. Kuku wa hapa hawana utulivu. Nikapiga chungu cha maji cha mama mkwe, kimetoka safi mpaka alama za vidole vya mfinyanzi zinaonekana. Nikampiga Atupele akianika kakao kwenye mkeka. Safi pia. Amesema mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Nimemwambia ndiyo kazi ya stebilaiza. Akasema pengine ni kwa sababu hapa hakuna anayenitazama. Wanawake hawaelewi mitambo.

Mama mkwe amepita akauliza kwa nini chungu chake kinapigwa picha na yeye hapigwi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata wazo, na ni zuri.

Mzee Ambwene anashika mila. Nyumbani kwake baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mkamwana akisikia sauti ya mzee anajifunika na kupita nyuma ya nyumba. Jina la mzee halitaji. Hata kwenye harusi mzee atakaa upande wake na bibi harusi upande wake. Sisi Wanyakyusa tunajua. Yasini ukoo wake ulitoka pwani, atajulia wapi?

Kwa hiyo nimekwenda studio kwake kwa urafiki. Nikamnong'oneza kwamba Mzee Ambwene anatamani sana picha ameshikana mkono na mkwe wake, ila anaona haya kuiomba. Yasini alikuwa anapangusa stendi yake ya miguu mitatu. Akanitazama kidogo, akasema, "Ndaga fijo, ndugu yangu," yaani asante sana. Kinyakyusa chake kimenyooka kuliko changu. Nikaondoka nikiwa na furaha.

Jumamosi, 13 Julai

Harusi. Yasini hakuingia mtegoni. Alimpiga mzee na kaka zake barazani, akaomba ruhusa, akahamia mbele kwa bibi harusi na wanawake. Kumbe dada yake ameolewa hapo hapo Ikolo, mwaka wa kumi na mbili huu. Anazijua mila kuliko mchungaji.

Mimi nilianza vibaya. Watu walinizunguka kuitazama lenzi, na mtoto mmoja akauliza kama ni bomba. Mikono ikaanza. Nikatoroka, nikaenda kukaa kwenye mikakao, mbali, peke yangu na majani makavu. Huko nikavuta lenzi mpaka mwisho. Uwanja wote ukaja mkononi! Beatrice, bibi harusi, alikuwa anacheka na shangazi zake. Nikabonyeza mara moja. Mikono imetulia kama ya mtu mwingine.

Nimeitazama picha kwenye kioo cha kamera. Meno ya Beatrice yanahesabika. Sijawahi kupiga picha kama hii maishani. Machozi yalinilenga, naandika tu.

Jumatano, 17 Julai

Nimeisafisha picha kubwa, upana wa meza, fremu ya dhahabu. Yasini ameleta albamu ya kawaida.

Jumamosi, 20 Julai

Ikolo, sebuleni kwa Mzee Ambwene. Wanaume wa ukoo wote. Beatrice yuko jikoni na wanawake, kama inavyotakiwa. Nikaomba mzee aifunue mwenyewe.

Akaifunua.

Pichani Beatrice anacheka. Na begani kwake, karibu kabisa, kichwa cha Mzee Ambwene, anatafuna mnofu. Siku ile mzee alikuwa barazani, hatua hamsini nyuma ya Beatrice, na kona ya nyumba katikati yao. Kutoka pale kwenye mikakao kona haikuzuia kitu. Lenzi ndefu huvuta vya mbali vikasogeleana. Imemsogeza mzee mpaka anaonekana kama anamnong'oneza mkwe wake sikioni. Nilikuwa natazama meno ya Beatrice tu. Hata wakati wa kusafisha picha nilitazama meno.

Mzee alikuwa hajawahi kuiona sura ya mkamwana wake. Ameiona leo, kwa upana wa meza, mbele ya ukoo.

Hakufoka. Akailaza picha kifudifudi, akageukia ukuta. Kisha akasema taratibu, "Anyelwisye, picha yako ni safi sana. Ingekuwa na ukungu kama zile zako za zamani, ningesema simjui huyu ni nani."

Ezekiel akanisindikiza nje. Akasema nilete jogoo, niombe radhi mbele ya wazee. Kazi amepewa Yasini.

Nimeumia. Nilitembea mpaka barabarani bila kuita bodaboda.

Jumapili, 21 Julai

Jogoo amepelekwa. Wazee wamepokea. Beatrice amenitumia salamu kupitia shangazi yake, anaomba picha ikatwe, abaki peke yake, apelekewe mama yake. Nimefurahi zaidi ya nilivyotegemea.

Jioni Yasini amekuja kunipa pole. Akaishika kamera, akaizungusha, akanionyesha kidude ubavuni mwa lenzi. Stebilaiza. Imezimwa. Vumbi limeganda juu yake, hakijaguswa tangu Kasumulu. Akasema ile picha ya Beatrice niliipiga kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba yeye mwenyewe asingeiweza bila stendi. Atupele akasema ndicho alichosema siku ile ya kakao, hakuna aliyekuwa ananitazama. Wakatazamana kama walimu.

Nimewasikiliza wote wawili. Nimewaza sana.

Nimeelewa. Kama lenzi ikiwa imezimwa inaleta picha safi namna hii, ikiwashwa itakuwaje? Na kama kule kwenye mikakao palinifaa, basi tatizo nilikuwa karibu mno. Shabani anayo nyingine, ndefu mara mbili, stebilaiza yake ina nguvu zaidi. Kesho naenda Kasumulu mapema, kabla Atupele hajarudi kutoka mtoni.

Kakao imekauka vizuri. Inaingia kwenye magunia mawili, na bodaboda moja inayabeba.