Fuwele ya Mwalimu Modesta

Jumatatu, 6 Machi 1995

Barua imefika! Profesa Venant wa Dar anakuja Ijumaa hapa shuleni kwetu, Ilemela. Anatafuta mwalimu mmoja wa kwenda chuo kikuu kusomea fuwele. Tuko wawili: mimi wa fizikia, na Modesta wa kemia. Nina miaka arobaini na mitatu. Nafasi nyingine haitakuja.

Fuwele anayoitaka ni ya chumvi ya nitriti. Ikifika digrii mia moja sitini na tatu, chembe zake hujipanga kwa mawimbi yasiyolingana na safu zake zenyewe. Hapo mwanga unaopita ndani yake hubadilika, na hushika umeme ajabu. Ukizidisha digrii moja na nusu, yote yamekwisha. Kama maisha yangu.

Ya Modesta ni kubwa kama kidole gumba, angavu kama maji ya mtungini. Yangu inafanana na kipande cha sabuni. Amependekeza tushirikiane: fuwele yake, vipimo vyangu. Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Hapana.

Jumanne, 7 Machi

Nimemwambia Modesta kwamba Profesa amesogeza safari hadi wiki ijayo. Ameamini! Akasema basi kesho asubuhi atapanda kivuko aende Sengerema. Mama yake amelazwa, na yeye alikuwa anaahirisha tu. Akaniachia ufunguo wa maabara. Akanishukuru. Nilijisikia vibaya mpaka saa nne, chai ilipoletwa.

Jumatano, 8 Machi

Mgao wa umeme. Nikaibeba fuwele ya Modesta hadi nyumbani, nikaizamisha kwenye mafuta ya kupikia ya Dorcas, mke wangu, juu ya jiko la mkaa. Nyaya za mita ya betri pande zote mbili. Mia moja sitini. Sitini na mbili. Sitini na tatu! Mshale ukaruka. Nikachungulia kupitia vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi: zambarau ikageuka kijani. Nikapiga kelele peke yangu. Nikaandika kila namba. Kwa dakika mbili hivi nilikumbuka kwa nini nilisomea ualimu.

Kisha upepo wa ziwani ukachochea mkaa. Mia moja themanini! Nikaichomoa haraka, nikaiweka sakafuni. Ta! Vipande viwili.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeiunga kwa gundi. Ukisimama mbali huoni ufa.

Jioni, viazi vitamu vya kuchemsha. Mafuta hakuna. Dorcas hakugomba. Aliuliza tu, "Baba Yeremia, si huyo mwalimu alitaka mfanye pamoja?" Nikamwambia sayansi haimhusu. Tukala, mvua ikipiga bati.

Ijumaa, 10 Machi

Aibu! Profesa akaitia kwenye tanuri lake dogo. Gundi ikatoa moshi, fuwele ikaachana. Akauliza nani aliikuza. Mimi. Kwa siku ngapi? Nne. Akasema fuwele kama hii huchukua miezi miwili, kisha akainua chupa ilimokuzwa. Karatasi yake ilisema: Modesta, 4 Januari. Yuko wapi huyo? Nikasema amekata tamaa na sayansi.

Mkuu wa shule akanisahihisha taratibu. Simu imeingia asubuhi. Mama yake Modesta amefariki jana.

Profesa akachukua daftari langu la namba. Hakuniaga.

Jumatano, 22 Machi

Modesta amerudi, kitambaa cheusi kichwani. Nilijificha stoo, akanipata. Akasema anajua nilimdanganya, Profesa amemwandikia. Nikangoja matusi. Akanishika mikono yote miwili.

"Lakini Mwalimu, usingenidanganya, nisingemkuta mama akiwa hai. Tuliongea siku nzima."

 Nikamrudishia ufunguo wa maabara, pole nikasahau.

Anaondoka Julai, nafasi ni yake. Profesa amesema namba zangu ni safi. Modesta anataka awe ananitumia fuwele kutoka Dar, mimi nipime, na majina yetu yote mawili yaandikwe kwenye ripoti. Nikapenga kamasi. Labda mafua.

Nimetafakari sana. Hakuna anayesamehe bure. Ana njama! Nimemwandikia Profesa kumtahadharisha juu yake. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, nikatia sahihi "Mzazi Mwenye Uchungu". Hatanijua kamwe! Nyuma ya bahasha nimeweka jina langu na sanduku la posta, barua isije ikapotea.