Dirisha la Moyo kwa Wakili wa Talaka

Jumatatu, 4 Machi
Na tena, kama nilivyosema jana, ule moyo kwenye ramani ya mume wangu niliuchora kwa mapenzi tu! Wiki tatu za ndoa, mkono unachora wenyewe. Nilidhani laazizi wangu ataukuta kazini, atabasamu. Lakini yeye ni mwashi asiyebishana na ramani. Kajenga dirisha. Umbo la moyo, futi nne kwa nne, ukuta wa mbele, ofisi ya wakili wa talaka. Limetoka zuri ajabu. Mkandarasi kasema Wakili akilikataa, mume wangu hana kazi. Nikiri? Thubutu! Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Kwa wifi yangu, mwalimu wa sanaa chuoni. Nimemuuliza, kama mtu asiye na lake jambo, kwa nini majengo mengine yana vituko. Akajibu kwa madaha kwamba huo ni usasaleo, mtindo uliokuja baada ya usasa. Wasanifu wa usasa walitaka kila jengo liwe sanduku safi, bila pambo, kila kitu na kazi yake. Waliofuata wakachoka. Wakachanganya nguzo za kale na rangi za peremende, majengo yakaanza kutania. Wachoraji nao wakanakili picha za zamani na matangazo ya sabuni, bila haya. Wanafalsafa wakasema hakuna simulizi moja kubwa inayoeleza kila kitu. Maana hutegemea nani anatazama na amesimama wapi. Nikasema mbona nilijua. Akaniuliza, "Ulijua lini, wifi, ukimenya vitunguu?" Kijicho tu, nimemchukulia kaka yake. Nimeandika yote kiganjani.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Nimejitambulisha kwa Wakili kama mshauri wa usasaleo. Kiganja kilitoka jasho, wanafalsafa wakafutika. Nikawamalizia mwenyewe. Nikasema moyo kwenye ofisi ya talaka ni jengo linaloitania kazi yake. Wakili akavuka barabara, akatazama. Akacheka! Libaki. Mume wangu kaokoka, wala hajui kaokolewa na nani. Ah, mapenzi!

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Jana Wakili alianza kupokea watu, ingawa lipu haijapigwa. Mke na mume, jozi tatu, wote wa talaka, wakakalishwa kwenye benchi chini ya dirisha. Jua likaingia, likawachorea moyo magotini. Jozi mbili zimerudi nyumbani zimeshikana mikono! Wakili kaniita. Nikamkumbusha kwamba maana hutegemea mtazamaji. Akasema vizuri sana, yeye anatazama, na anachokiona ni mwashi anayefukuzwa kesho saa tatu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekiri. Nilimweleza mume wangu yote kwenye chai ya asubuhi, nikasubiri anune. Hakununa. Kasema alijua siku ileile. Msanifu gani anachora kwa wanja? Aliona ni ombi la kwanza la mke wake, akasema moyoni, huyu simnyimi. Nikalia mpaka chapati ikalowa. Yeye akachukua mwiko na ndoo, akaenda kumwambia Wakili maneno mawili: samahani, kosa langu. Saa sita dirisha limezibwa. Wakili kampa na uzio ajenge.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari siku nzima. Kwa nini Wakili alilainika upesi vile? Wifi anasema ni kwa sababu aliombwa radhi na mtu mkweli. Maskini, elimu yote ile! Ni wazi kabisa: usasaleo wangu ulikuwa umeshamwingia, ulihitaji siku tatu tu kukolea.

Mama mkwe kapiga simu. Anajenga choo, wamefika usawa wa linta, ile boriti ya juu ya mlango, anamtaka mwanawe akamsaidie. Nimemwambia asiinue tofali hata moja mpaka nimweleze kuhusu nguzo nne za kale. Akauliza, mwanangu, nguzo za nini chooni? Nikamwambia, mama, hilo ndilo swali lenyewe. Akakata simu. Nadhani ameguswa. Tutafika kwake kabla mwezi haujaisha.